Ruta au kipanganjia: kifaa cha sebuleni katika uhasama wa mataifa

Ruta ni kompyuta ndogo inayounganisha mitandao miwili au zaidi: hupokea pakiti za data upande mmoja, husoma anwani ya kila pakiti, kisha huamua ipitie wapi ili ifike inakokwenda. Haina skrini wala kibodi, ndiyo maana ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa kompyuta za nyumbani. Lakini ndani ya kasha lake la plastiki mna prosesa, kumbukumbu na programu endeshi, mara nyingi ya ukoo wa Linux, nayo hukesha mwaka mzima bila mtu kuitupia jicho. Ni kifaa kilicho macho daima na kisichoangaliwa na yeyote, na hiyo ndiyo sababu kimekuwa kitu cha thamani kwa majeshi na idara za ujasusi za mataifa yanayohasimiana.

Kiswahili kina majina matatu yanayowania kifaa hiki. La kwanza ni ruta, lililotoholewa kutoka Kiingereza. Ndilo linalosikika madukani na vinywani mwa mafundi, nalo limeshajipatia makazi katika ngeli ya I-ZI: ruta imezima, ruta zimewaka. La pili ni kipanganjia, lililoundwa kwa kanuni ya siku nyingi ya kutanguliza kiambishi ki-, kukifuatisha na kitenzi, kisha na nomino inayotendewa. Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa kipaza sauti, kinasa sauti, kipimajoto na kizimamoto. La tatu ni kisambaza data, ambalo watumiaji wa simu hukutana nalo kwenye menyu zilizotafsiriwa.

Majina mawili ya mwisho hayaelezi kazi moja. Kusambaza ni kutawanya kitu kilekile pande zote, kama tangazo au mbegu, na kwa kweli hiyo ni kazi ya redio iliyomo ndani ya kifaa, si ya ruta yenyewe. Ruta haitawanyi, inachagua. Kwa hiyo kipanganjia limekaribia ukweli zaidi, ingawa nalo lina dosari. Kitenzi kupanga chaelekea kusema kwamba kifaa huzipanga njia, ilhali njia zimekwisha kuwapo, na kinachofanyika ni kuteua mojawapo kwa kutazama jedwali lililohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Tena, likiandikwa maneno mawili, msomaji anaweza kukwama kwa kipanga, yule ndege mwindaji, kabla hajafika kwenye njia. Afadhali liandikwe neno moja. Makala hii inatumia ruta kwa kifaa chenyewe, kwa kuwa ndilo lililokwisha kushika kwa watu, na inalichukua kipanganjia kuwa maelezo bora ya kazi yake.

Kabla ya jina la sasa kuenea, wahandisi wa Marekani walikiita kifaa hiki lango. Fikra ya kukata ujumbe vipande na kuviacha vitafute njia ilichipuka mapema katika miaka ya 1960. Paul Baran wa taasisi ya RAND aliitoa akitafuta mfumo wa mawasiliano utakaoendelea kufanya kazi hata baada ya shambulio la nyuklia, na nchini Uingereza Donald Davies aliifikia peke yake na kuvipa vipande hivyo jina la pakiti. Mwaka 1969 mashine za kwanza za kupitisha pakiti, kila moja kabati zima la chuma, zilifungwa katika ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. ARPANET yenyewe ilijengwa ili watafiti watumie kompyuta za mbali kwa pamoja, si kwa ajili ya vita. Hata hivyo mzizi wa kijeshi umo katika wazo lenyewe, na inafaa kuukumbuka pale ruta inapotajwa kama silaha. Neno lango lilipoachwa, ilipotea maana moja muhimu: kwamba kifaa hiki husimama mpakani, na kila kiingiacho au kitokacho hupita mikononi mwake.

Kile kinachoitwa ruta nyumbani ni vifaa kadhaa vilivyotiwa kasha moja. Mna ruta yenyewe. Mna redio ya Wi-Fi. Mna swichi ya kebo, yaani yale matundu ya nyuma. Mna ukuta wa kinga unaokataa maombi yasiyoalikwa kutoka nje. Na mara nyingi mna modemu ya faiba au ya laini ya simu. Mna pia kazi ya kutafsiri anwani, ambayo ndiyo kiini cha habari hii. Mfumo wa anwani za intaneti unaoitwa IPv4 una nafasi zipatazo bilioni 4.3 tu, na mapema katika miaka ya 1990 ilikwisha kuonekana kwamba hazingetosha. Mwaka 1994 ilichapishwa njia ya kuzikopesha: vifaa vyote vya nyumba moja vitoke nje kwa anwani moja. Ni kama shule yenye S.L.P. moja mjini: barua za walimu wote hufika kwenye sanduku hilo, na karani ndiye anayejua ipi ni ya nani. Nje huonekana sanduku tu. Anayetuma kitu kupitia ruta ya nyumba fulani, awe mwenyeji au mgeni aliyejipenyeza, huonekana kuwa ni nyumba hiyo.

Upande wa redio ulikuja baadaye. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu masafa fulani, yakiwemo ya gigahezi 2.4, yatumike bila leseni. Mwaka 1997 kikatoka kiwango cha kwanza cha 802.11, na mwaka 1999 jina la biashara Wi-Fi. Masafa hayo ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta zaidi kuliko yale ya gigahezi 5, lakini ni ya polepole na yamesongamana, kwa kuwa hutumiwa pia na vifaa vya Bluetooth na oveni za maikrowevu. Ruta hukaa vizuri katikati ya nyumba, juu ya kabati au rafu, mbali na friji na vioo vikubwa. Ukuta wa tofali za saruji hudhoofisha mawimbi. Zege lenye nondo na karatasi za mabati hufanya zaidi ya hapo, huyazuia au kuyarudisha. Katika nyumba zilizobanana, chaneli za 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana katika masafa ya 2.4, hivyo ni busara kuangalia jirani anatumia ipi na kushika nyingine.

Nenosiri ndipo wengi hukosea, kwa kuwa ruta ina maneno mawili ya siri na si moja. Moja ni la Wi-Fi, ambalo hupewa wageni. La pili ni la msimamizi, linalofungua ukurasa wa mipangilio, mara nyingi kwenye anwani ya 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Hilo la pili aghalabu hutoka kiwandani likiwa neno jepesi, kwa aina nyingi za zamani hata likiwa sawa kwa maelfu ya ruta, na mara nyingi huachwa lilivyo. Kuhusu usimbaji wa mawimbi, mfumo wa kwanza, WEP, ulivunjwa mwaka 2001 na hauna kinga yoyote leo; WPA ya mwaka 2003 ilikuwa kiraka; WPA2 ya mwaka 2004 na WPA3 ya mwaka 2018 ndizo za kuchagua. Kipengele cha WPS, kilichobuniwa ili kumwondolea mtumiaji kazi ya kuandika nenosiri, kina namba ya tarakimu nane ambayo mwaka 2011 ilidhihirika kwamba hukaguliwa nusu kwa nusu, na hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata. Kizimwe. Kizimwe pia kipengele cha kusimamia ruta kutoka nje ya nyumba, ambacho nyumba nyingi hazikihitaji hata kidogo.

Limebaki jambo zito kuliko yote hayo, nalo ni programu dhibiti, yaani programu iliyowekwa kwenye ruta na mtengenezaji. Kila programu ya aina hii ina makosa, na makosa hayo hugunduliwa polepole, miaka baada ya kifaa kuuzwa. Mtengenezaji hutoa masasisho kwa muda fulani, kisha huacha. Ruta iliyoachwa haionyeshi dalili yoyote. Taa zake huwaka vilevile na intaneti huja vilevile. Ruta za mtumba, ambazo bei yake huvutia, mara nyingi ni za kundi hili.

Ukubwa wa tatizo ulidhihirika mwaka 2016 kupitia Mirai, programu hasidi iliyoandikwa na vijana wa Marekani, si na taifa lolote. Ilizunguka intaneti ikijaribu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani, ikakusanya kamera na ruta kwa malaki. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo la vifaa lilielekezwa kwa Dyn, kampuni ya kuhudumia majina ya tovuti, na tovuti mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mwezi uliofuata, jaribio la kuambukiza ruta za wateja wa Deutsche Telekom lilikatisha huduma kwa takribani wateja 900,000 nchini Ujerumani. Ikiwa watu wachache waliweza hayo, taifa lenye bajeti lingeweza nini?

Jibu lilikuja Mei 2018. Watafiti wa Cisco walitangaza programu waliyoiita VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za majumbani na ofisi ndogo, huku maambukizi mapya yakiongezeka upesi nchini Ukraine. Iliweza kuchungulia data inayopita, na ilikuwa na amri ya kuiua ruta kwa kufuta programu dhibiti yake. Marekani iliihusisha na kundi la wadukuzi linalotajwa kuwa la ujasusi wa kijeshi wa Urusi. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliwataka wenye ruta duniani kote wazizime na kuziwasha upya. Ombi hilo lilikuwa geni: raia wa kawaida aliambiwa ashiriki katika ulinzi wa mataifa kwa kuchomoa waya ukutani.

Tarehe 24 Februari 2022, saa ambazo majeshi ya Urusi yalikuwa yakiingia Ukraine, modemu za setilaiti za mtandao wa KA-SAT zilifutwa programu zao. Makumi ya maelfu ya modemu zilikufa Ulaya, na nchini Ujerumani mitambo ya upepo ipatayo 5,800 ikapoteza usimamizi wa mbali. Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani ziliilaumu Urusi kwa shambulio hilo. Hapa istilahi vita vya mtandao inastahili, kwa kuwa kifaa kiliharibiwa kwa nia ya kulipatia nguvu jeshi linaloshambulia. Kwingineko ni neno kubwa mno. Mengi yanayoitwa vita ni ujasusi na maandalizi, na kwa hayo uhasama wa kimtandao ni istilahi ya haki zaidi.

Mfano wa maandalizi ni kundi lililopewa jina Volt Typhoon, ambalo Marekani na washirika wake walilitangaza Mei 2023 wakilihusisha na China, na China ikakanusha. Walengwa walikuwa mifumo ya umeme, maji, uchukuzi na mawasiliano ya Marekani, ikiwemo ya kisiwa cha Guam. Njia iliyotumika ilikuwa ruta za Cisco na Netgear zilizokwisha kuachwa na watengenezaji wake. Ruta hizo hazikuibiwa kitu. Zilitakiwa kwa ajili ya anwani zao: mdukuzi akipitia ruta ya familia ya mji uleule, mlinzi wa mtambo wa maji huona mgeni wa jirani, haoni mtu wa ng'ambo. Ile tafsiri ya anwani iliyobuniwa kuokoa nafasi imegeuka vazi la kujifichia.

Wala si mataifa hasimu kwa Marekani pekee yanayofanya hivyo. Nyaraka za siri zilizovujishwa na Edward Snowden na kuchapishwa mwaka 2014 zilionyesha kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikamata ruta zikiwa njiani kwenda kwa wanunuzi wa nchi za nje, likapandikiza vinasa vyake, kisha likazifunga upya na kuziachilia. Nchi isiyotengeneza ruta zake hununua pamoja nazo imani kwa mtengenezaji, kwa serikali ya mtengenezaji, na kwa kila mkono zilikopita.

Serikali zimeanza kujibu kwa sheria. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inakataza kuuzwa kwa kifaa cha intaneti chenye nenosiri moja la kiwandani kwa wote, na inamtaka mtengenezaji atamke masasisho yatatolewa hadi lini. Marekani imetumia mahakama. Januari 2024 ilitangaza kwamba, kwa kibali cha jaji, FBI ilikuwa imeingia katika mamia ya ruta zilizotekwa na Volt Typhoon na kuifuta programu hasidi bila kuwasubiri wenyewe. Februari ikatangaza kufanya vivyo hivyo kwa ruta za Ubiquiti zilizokuwa zikitumiwa na ujasusi wa kijeshi wa Urusi. Ruta hizo za Ubiquiti ziliingiliwa kwa sababu nenosiri la msimamizi lilikuwa bado lile la kiwandani, na usafishaji huo wa mahakama haukulibadilisha kwa niaba ya mwenyeji. Mamlaka zilionya kwamba atakayeirudisha ruta yake kwenye hali ya kiwandani bila kuweka nenosiri jipya atakuwa ameifungua tena kwa maambukizi.