Wivu na husuda: mpaka kati ya maneno mawili

Wivu na husuda hufafanuliwa mara nyingi kana kwamba ni neno moja lenye sura mbili. Historia ya maneno hayo yaonyesha vingine.

Wivu ni neno la Kibantu. Husuda limetokana na mzizi wa Kiarabu uliotoa pia kitenzi husudu na nomino hasidi. Katika Kiarabu, husuda ni kuchukia neema aliyo nayo mwingine. Kuchunga kilicho chako kisiguswe na mtu kuna jina lake, ghera. Lakini ghera lilipoingia katika Kiswahili lilielekea zaidi kwenye maana ya hamu na bidii ya kutenda. Kwa hiyo kazi ya kutaja uchungu wa mwenye kulinda chake iliachiwa wivu.

Tafsiri ya Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, yadhihirisha jambo hilo. Katika Kutoka 20, Mungu ni mwenye wivu, kwa kuwa hakosi kitu hata ahusudu. Katika Mathayo 27, Yesu atolewa kwa husuda. Hata hivyo mpaka haukushikwa daima: nduguze Yusufu walimhusudu katika Mwanzo 37, bali katika Matendo 7 walimwonea wivu. Tendo ni lile lile, neno limebadilika.

Kiswahili kilifika Nyangwe na Kasongo pamoja na misafara ya karne ya 19, kisha kikaenea mbali na vyuo vya pwani vilivyotunza msamiati wa Kiarabu. Baadaye shule zikaleta Kifaransa, na humo jalousie hubeba maana zote mbili. Ndiyo sababu katika mazungumzo ya Lubumbashi wivu hutumika kwa mume anayemchunga mkewe, na vilevile kwa jirani anayechukizwa na bati jipya juu ya nyumba ya mwenzake. Kinyarwanda, kinachosikika pia katika Kivu ya Kaskazini, hutenga mambo hayo: gufuha ni kwa wapenzi, ishyari ni kwa mali na heshima ya mtu.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Mjane akisingiziwa uchawi, mara nyingi husemwa kwamba alimwonea mtu wivu. Kauli hiyo yaweza kumaanisha kwamba alitetea shamba aliloachiwa na marehemu, au kwamba alitamani la mwingine liharibike. Maana ya kwanza ni haki yake. Ya pili yamfanya mtuhumiwa. Anayeandika ushahidi huo kwa Kifaransa akaweka jalousie, amekwisha kuifuta tofauti kabla ya hakimu kuisoma.

Basi mwalimu na mkalimani wapaswa kuuliza swali moja kabla ya kuchagua neno: kitu kinachogombewa ni cha nani? Kikiwa cha mwenye uchungu, huo ni wivu. Kikiwa cha mwenzake, hiyo ni husuda, na iitwe kwa jina lake.