Upanuzi wa Viwanja vya Ndege na Haki za Wanaohamishwa

Serikali inapoamua kupanua kiwanja cha ndege, wakazi wa mitaa ya jirani huanza kuishi kwa kusubiri tangu siku wathamini wanapoingia. Mwenye nyumba haongezi chumba wala haezeki upya paa linalovuja, kwa kuwa kitakachojengwa baada ya tathmini hakitahesabiwa. Ndiyo maana muda unaopita kati ya tathmini na malipo una uzito sawa na kiasi chenyewe cha fidia.

Mfano ulio karibu ni wa Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam. Tathmini ya mali za wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni ilifanyika mwaka 1997. Wengi wa Kipawa walihama zaidi ya miaka 10 baadaye, baadhi yao wakipewa viwanja upande wa Pugu. Wapo wakazi wa Kipunguni walioona jengo la tatu la abiria likifunguliwa mwaka 2019 wakiwa bado wanasubiri malipo. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tathmini alikuwa ametimiza miaka 22.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inadai fidia iliyo kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Fidia hiyo haiishii kwenye thamani ya jengo katika soko: ina posho ya usumbufu, usafiri, pango la miezi 36 na faida ya biashara iliyopotea. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeongeza kinga muhimu. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 tangu tathmini kuidhinishwa, yanadaiwa pamoja na riba. Ikipita miaka 2, tathmini hufanywa upya. Kila kaya inapaswa kuyafahamu haya kabla ya kutia sahihi fomu yoyote, na kubaki na nakala yake.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo fomu hizo hazina nafasi ya kuyaandika. Mpangaji hana jengo la kuthaminiwa, ingawa katika mitaa kama hii wapangaji ni wengi. Mama lishe aliyewazoea wateja wake wa alfajiri hana hesabu za kumwonesha mthamini. Na Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, ambamo jirani humuuguza jirani, husambaratika kila familia inapokwenda ilikopata kiwanja cha bei nafuu. Hapa ndipo mipango ya mtaa inapohitajika: orodha ya kaya zote pamoja na wapangaji, viwanja vya pamoja kwa wanaotaka kuhama pamoja, na maji, zahanati na shule katika eneo jipya kabla ya lori la kwanza kufika. Kamati ya Haki na Amani ya parokia, ikishirikiana na serikali ya mtaa na waamini wa dini nyingine, inaweza kuianza orodha hiyo bila kusubiri mradi utangazwe.

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayapingi miradi yenye mafao kwa wengi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, aya ya 152, anafundisha kwamba maskini wakilazimika kuhamishwa wapewe taarifa mapema, wawekewe makazi yenye hadhi ya kuchagua, na washirikishwe wenyewe. Aya ya 183 inawapa wenyeji nafasi ya pekee katika majadiliano. Kuwaita mkutanoni ili wasomewe ramani iliyokwisha kupitishwa hakutimizi sharti hilo.

Yabaki makanisa na makaburi. Kanisa halipotezi hadhi yake takatifu kwa barua ya mkandarasi. Kwa kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa, ni Askofu wa jimbo anayeweza, kwa sababu nzito na baada ya kulisikiliza Baraza la Mapadre, kuruhusu litumike kwa shughuli nyingine. Kuhusu marehemu, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu makaburi kuondolewa katika ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma, na inazitambua gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na ibada zinazoambatana na tendo hilo. Kwa kuwa makaburi mengi yana msalaba wa mti usio na jina, paroko na viongozi wa kigango wayatambue mapema, wakitumia kitabu cha marehemu cha parokia na kumbukumbu za wazee, kabla wazee hao nao hawajahamia mbali.