Waraka kwa Filemoni na Dhamana ya Imani

Miongoni mwa nyaraka 13 za Agano Jipya zenye jina la Mtume Paulo, uliowekwa mwisho ni ule aliompelekea Filemoni, na sababu ya kuwekwa hapo si uduni wa maana yake bali ni ufupi wake, kwani wakusanyaji wa kale walizitanguliza zile zilizoandikiwa makanisa, wakafuatisha zile za watu binafsi, na kila fungu wakalipanga takriban kwa urefu. Waraka huu hauna sura. Una aya 25 tu, nao uliweza kuenea katika karatasi moja ya mafunjo. Hata hivyo ndani yake mna shauri zito la maisha ya mtu: Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ambaye kwa kauli ya wafasiri wengi alimtoroka bwana wake, alimkuta Paulo kifungoni, akaamini, na sasa anarejeshwa.

Katika zama zile posta iliyoanzishwa na Kaisari Augusto ilikuwa kwa shughuli za dola peke yake, na mtu wa kawaida aliyekuwa na barua alimtafuta msafiri mwenye kuelekea huko, akamkabidhi. Wala mwenye barua aghalabu hakushika kalamu. Alitamka, na katibu akachovya utete katika wino wa masizi na gundi, akaandika. Tertio, aliyeuandika Waraka kwa Warumi, alijitaja kwa jina na kutia salamu zake mwenyewe. Kwa hiyo ni jambo la kuangaliwa kwa makini kwamba, ilipofika habari ya deni katika Waraka kwa Filemoni, Paulo anasema kuwa anaandika kwa mkono wake mwenyewe: ikiwa Onesimo amemdhulumu bwana wake au anadaiwa kitu, deni hilo lihesabiwe juu ya Paulo, naye atalilipa. Lugha hiyo si ya mahubiri. Ni lugha ya hati ya deni. Mzee aliye kifungoni amejitia mwenyewe katika dhamana, na kwa taadhima anamsihi mtu ambaye, kwa cheo chake cha utume, angeweza kumwamuru.

Lakini upole huo haukukosa busara. Salamu za mwanzo hazikuishia kwa Filemoni, bali zilimfikia Afia, na Arkipo, na jamaa wote wa kanisa lililokutana nyumbani mwa Filemoni, hata ombi lililomhusu yeye likawa limesikiwa na wengi. Na karibu na mwisho Paulo anaomba atayarishiwe mahali pa kulala, maana anatumaini kufika. Mwenye kusoma maneno hayo hakuweza kusahau kwamba mwombaji huenda akaja kujionea jibu kwa macho yake.

Basi ni nani katika habari hii aliyekuwa na imani kubwa kuliko wote? Wengi wamemsifu Paulo kwa hisani yake, na wengine wamemhimiza Filemoni asamehe. Mimi naona heshima ya kwanza ni ya Onesimo. Waraka kwa Wakolosai unatuarifu kwamba alitumwa pamoja na mjumbe mwingine, Tikiko, na sheria ya Kirumi haikumficha yaliyoweza kumpata, kwani mtumwa mtoro aliweza kupigwa mijeledi, kufungwa minyororo, hata kutiwa chapa ya moto. Paulo aliweka rehani mali yake; Onesimo aliweka rehani mwili wake, akaenda, wala hakuna neno lake hata moja lililohifadhiwa.

Waliokuja baadaye hawakukosa kuutumia waraka huu kinyume cha roho yake. Mwaka 1833, huko Georgia katika Marekani, mhubiri Charles Colcock Jones aliwahubiria watumwa kutoka waraka huu huu, akawasisitizia utii na kulaani utoro kwa mamlaka ya Paulo. Na kama alivyosimulia mwenyewe, nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaondoka. Nadhani watu wale waliufahamu waraka kuliko aliyewasomea. Paulo alimrejesha Onesimo akiwa na ombi kwamba apokewe kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa tena, na kwa ahadi ya kulipa. Mhubiri yule alitaka marejeo pasipo udugu na pasipo malipo.

Funzo ninalolipata hapo linanihusu kila ninapoombwa kusuluhisha. Ni rahisi kumshauri mnyonge arudi kwa aliyemtesa, asamehe, avumilie, na kumpa mawaidha hayo kwa jina la dini. Lakini msuluhishi asiyekubali kuandika jina lake chini ya deni, wala kutangaza kwamba atakuja kuona lililotendeka, ametoa maneno tu, na hatari yote amemwachia mwenye udhaifu.