Wild & Scenic Film Festival

Wild & Scenic Film Festival ni tamasha la filamu za mazingira, utamaduni na safari za ujasiri linalofanyika katika miji jirani ya Nevada City na Grass Valley, kaskazini mwa California, Marekani. Lilianzishwa mwaka 2003 na South Yuba River Citizens League, chama cha wananchi kilichoundwa mwaka 1983 kupinga ujenzi wa mabwawa katika mto South Yuba. Mwaka 1999 jimbo la California liliweka takriban kilomita 63 za mto huo chini ya ulinzi wa sheria ya mito ya “wild and scenic”, na ushindi huo ndio uliolipa tamasha jina lake.

Lenye uzito zaidi, hata hivyo, ni ziara yake, ambamo filamu za tamasha huoneshwa na vikundi vya mahali pengine, kwa kuwa humpa mtazamaji aliyeguswa la kufanya usiku uleule. Kikundi cha kulinda mto au msitu hulipia kibali, huchagua filamu, nyingi zikiwa fupi, hutafuta ukumbi na kuuza tiketi. Mapato huchangia kazi za kikundi hicho. Mlangoni huweza kuwekwa meza ya kuandikisha wanachama, na baina ya filamu mwenyeji husimama kutaja kazi inayosubiri watu: kuokota taka ukingoni, kupanda miti, kuhudhuria mkutano wa halmashauri.