Ritifaa Iliyopotea: Historia ya Kuharibika kwa Alama katika Ugeuzaji wa Hati, Kibera na Kawangware

1. Utangulizi

Kibera na Kawangware ni mitaa miwili ya Nairobi isiyo mbali na barabara ya Ngong. Jina la barabara hiyo huishia kwa sauti ya ng', lakini maandishi yake hayana ritifaa. Kibera ilikuwa katika eneo la ubunge la Lang'ata mpaka uchaguzi wa 2013, na jina hilo la Lang'ata huandikwa mara kwa ritifaa, mara bila ritifaa. Jina la Kibera lenyewe limepitia mageuzi: asili yake ni neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Eneo la ubunge lililoanza 2013 lilipewa umbo la Kibra, ilhali mtaa wazidi kuandikwa Kibera. Kwa hiyo jina moja kuwa na sura mbili si jambo geni kwa wakazi wa huko. Msomaji binadamu huzipatanisha sura hizo bila taabu. Kompyuta haina uwezo huo mpaka ifundishwe: kwayo, sura mbili ni majina mawili.

2. Alama na mashine

Ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma. Mwaka 1927 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyokuwa London, ilipendekeza sauti ya kwanza iandikwe kwa herufi moja, ŋ. Kiswahili hakikuufuata ushauri huo. Kilibaki na ritifaa, alama iliyokuwamo katika taipureta. Kikuyu, kinachosemwa na baadhi ya wakazi wa Kawangware, kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama ya wimbi: ĩ na ũ. Taipureta ya kawaida ya Kiingereza haikuwa nazo. Mpiga chapa alilazimika ama kuongeza wimbi kwa kalamu, ama kuliacha.

Kompyuta ilirithi upungufu huo. Msimbo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu. Ritifaa ilipata nafasi humo, lakini kwa cheo cha alama ya uakifishaji, si cha herufi. Msimbo wa ISO 8859-1 wa mwaka 1987 uliongeza herufi za lugha za Ulaya ya magharibi, wala haukuwa na ĩ wala ũ. Herufi hizo zilipatikana katika ISO 8859-4 ya mwaka 1988, ambayo ilikusudiwa lugha za kaskazini mwa Ulaya. Ni Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, iliyoziweka herufi hizo zote katika orodha moja.

3. Namna makosa yanavyozuka

Katika mitaa hii hati nyingi hupitia katika vyumba vya huduma za kompyuta, ambavyo wenyeji huviita saiba. Mteja huleta wasifu wake au barua ya kuomba kazi, ikiwa katika simu au katika kifaa cha kuhifadhia. Huenda hati iliandikwa kwa umbizo la doc, ikageuzwa kuwa docx, umbizo lililoenea tangu Microsoft Office ya mwaka 2007, kisha ikageuzwa kuwa PDF. Kila hatua ni tafsiri, na kila tafsiri yaweza kupoteza kitu.

Kosa la kwanza ni la kusoma kwa msimbo usiostahili. Programu ya kuandikia huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Katika UTF-8 ritifaa hiyo iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu. Programu nyingine ikizisoma kwa msimbo wa Windows-1252, kila baiti huonekana kama alama peke yake. Ng'ombe huwa ngâ€™ombe, na Gĩkũyũ huwa GÄ©kÅ©yÅ©.

Kosa la pili ni la fonti. Kabla ya Unicode kuenea, lugha nyingi za Afrika ziliandikwa kwa fonti zilizobadilishwa sura: nafasi ya alama moja ilichorwa herufi nyingine. Hati ikifunguliwa penye kompyuta isiyo na fonti hiyo, alama ya zamani hujitokeza.

Kosa la tatu halionekani kwa macho, na kwa hiyo ndilo la hatari zaidi. Jina Ng'ang'a lenye ritifaa iliyonyooka na lile lenye iliyopinda husomeka sawa, lakini programu isiyozilinganisha alama hizo hukana kuwa ni jina moja. Tena, katika lugha ya hifadhidata iitwayo SQL, ritifaa ndiyo inayofunga maneno. Fomu iliyoundwa bila uangalifu huweza kulikataa jina la mtu kwa sababu hiyo tu. Mwenye cheti chenye ritifaa na kitambulisho kisicho nayo hutakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

4. Tiba

Mafundi wengi husahihisha herufi moja moja. Njia hiyo hupoteza wakati na huongeza makosa. Inafaa kwanza kuihifadhi hati ya asili bila kuigusa. Pili, kutambua msimbo ulioiandika, na kuifungua upya kwa msimbo huo. Mara nyingi herufi zote hurudi mara moja. Ikiwa chanzo ni fonti iliyobadilishwa, huhitajika jedwali la kubadilishia kila alama kwa herufi yake ya Unicode. Tatu, ritifaa zote zifanywe za aina moja kabla ya majina kulinganishwa. Mwisho, PDF ibebe fonti zake ndani.

5. Hitimisho

Chanzo cha tatizo hili hakimo katika saiba. Kimo katika uamuzi wa kuiandika sauti kamili ya lugha kwa alama ambayo mashine huihesabu kuwa kituo. Unicode inayo ritifaa yenye cheo cha herufi, yaani U+02BC, lakini kibodi za kawaida hazinayo. Wanaisimu ndio wenye wajibu wa kuamua ni ipi itumike, na kuwaeleza watunga programu. Wasipoamua wao, programu itaendelea kuamua, na gharama italipwa na mwenye jina.