Foto RAW: namna ya kuigeuza JPEG mu apareyi yenyewe

Mupiga foto wa Kabondo-Dianda anaweza kushinda ku ndoa ao ku kilio, na magaribi watu wanaanza kumuomba: « Tutumie mu WhatsApp ». Kama apareyi yake iliweka foto mu RAW tu, kazi inakwama. Foto moja inaweza kupita mega 20, na telefone nyingi hazitaifungua. Wengi wanafikiri paka mwenye ordinatere, kule Kamina ao Lubumbashi, njo atawasaidia. Lakini apareyi nyingi zinajua kuifanya zenyewe.

RAW ni nini?

Ni foto mbichi: yote apareyi iliona, bila kupikwa. Nikon inaiita NEF, Canon CR2 ao CR3, Fujifilm RAF. JPEG ni foto iliyokwisha kupikwa, nyepesi, inafunguka ku kila telefone. JPEG inabakiza ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. RAW ya biti 14 iko na 16.384. Ndiyo maana uso uliotoka mweusi juu ya jua la nyuma unasafishika vizuri zaidi kutoka mu RAW.

Namna ya kufanya (menu ya Kifaransa)

- Nikon: fungua menu « Retouche », kisha « Traitement NEF (RAW) ». Chagua foto, panga, maliza na « EXE ».
- Canon: mu menu ya kuangalia foto, tafuta « Traitement des images RAW ».
- Fujifilm: mu menu ya kuangalia foto, « Conversion RAW ».

Mbele ya kumaliza, chagua ukubwa: S inatosha kwa telefone, L ni ya kuchapisha. Kama sura zilitoka manjano juu ya taa ya nyumba, badilisha « Balance des blancs ». Apareyi inaunda JPEG mupya. RAW inabaki vile ilikuwa.

Mambo ya kuangalia

- Apareyi inapika foto zake yenyewe. Za aina ingine mara nyingi inakataa.
- Apareyi nyingi za Sony hazina menu hii. Hapo panga « RAW+JPEG » mbele ya kuanza kupiga.
- Betri iwe na nguvu, na usitoe karti wakati taa yake inawaka.
- Kama apareyi iko na Wi-Fi, JPEG inaingia ku telefone bila kula mega: SnapBridge kwa Nikon, Camera Connect kwa Canon.

Ukiisha kutuma, usifute RAW. WhatsApp inapunguza tena foto njiani, na ile inayobaki mu telefone za watu ni ndogo. Siku familia itakuja kuomba foto kubwa ya marehemu ya kutundika ku ukuta, RAW njo itaitoa. Mutu yule hawezi kupigwa foto mara ya pili.