Kusuuza au kusukutua?

Katika gereji za jua kali mjini Nakuru, fundi akitaka kuondoa kulanti kuukuu, kiowevu cha kupoza injini, atakwambia, "Tuiflashi." Je, hatuna neno letu? Wengi watasema kusuuza. Lakini kusuuza ni kupitisha maji safi kwenye sahani au nguo ili povu liondoke.

Hebu mtazame fundi. Injini ikishapoa, anafungua rediata, anamwaga kulanti kwenye beseni, anajaza maji safi na kufunga, kisha anawasha gari mpaka thamostati ifunguke. Maji yanazunguka ndani kwa ndani. Yakitolewa, yana rangi ya chai kwa kutu. Anarudia mpaka yatoke safi.

Ndivyo tufanyavyo baada ya kula: maji tunayazungusha kinywani, midomo imefumbwa, kisha tunayatema. Huko ni kusukutua.

Basi kabla ya kuupanda mlima wa kuelekea Mau Summit, mwambie fundi aisukutue injini, ajaze kulanti mpya. Na beseni lile asiliache wazi: kulanti ina utamu unaovutia mbwa, na ni sumu.